Akiba ya Maji katika Nchi ya Kiu: Habari za Msaguaro na Wavunaji Wake

Kusini-magharibi ya Marekani, mahali ambapo mpaka wa dola hiyo na Mexico umekata nchi ya kaumu moja vipande viwili bila ya kutaka ridhaa yao, limelala jangwa la Sonora, ambalo joto lake katika mwezi wa Juni huzidi mara nyingi nyuzi 40, na ambalo mji wake mashuhuri, Tucson, hupata kwa mwaka mzima mvua ya takriban milimita 300 tu. Mvua hiyo chache huja kwa nyakati mbili: sehemu yake hushuka kwa radi na ngurumo baina ya Julai na Septemba, na sehemu yake hunyesha taratibu katika miezi ya baridi, lakini kuanzia Aprili hata mwisho wa Juni mbingu hufunga, vijito hubaki michanga mitupu, na wanyama wenye uwezo wa kuhama huhama. Ni katika siku hizo hizo za dhiki, wakati kila kiumbe kimebana matumizi yake, ndipo mti mmoja usiokuwa na jani hata moja hutoa maua meupe juu ya kilele chake, na kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka hukomaza matunda mekundu, matamu, yenye maji, ya kutosha kulisha popo, njiwa, mbweha, chungu na binadamu. Mti huo ni saguaro, jamaa mkubwa wa mpungate tuupandao kando ya nyua zetu. Na habari zake ni habari za watu waliopanga mwaka wao juu ya ukarimu huo, na za wanazuoni waliokuja baadaye kupima kwa utepe na mizani jambo ambalo wavunaji walikuwa wakiishi kwalo tangu zamani za zamani.

Msaguaro uliokomaa husimama mita 12 au zaidi, huishi miaka 150 hata 200, na uzani wake ushibapo maji hufika tani kadhaa. Hauna haraka. Katika miaka minane ya mwanzo hauzidi sana pingili moja ya kidole, na matawi yake, ambayo hutoka ubavuni mwa shina yakainuka kuelekea juu, aghalabu hayaanzi mpaka mti utimize umri wa miaka 50 hata 75. Utoto wake wote hutegemea hisani ya mwingine, kwani mche mdogo hauna mwili wa kuwekea maji ya kutosha, na jua la siku chache huweza kuukausha. Hivyo iliyo mingi katika inayosalimika ni ile iliyoota chini ya kivuli cha mti mlezi, kama vile mesikiti au paloverde, ambao huikinga na jua la mchana, na baridi ya usiku, na meno ya wanyama.

Wenyeji wa nchi hiyo ni Watohono O'odham, ambao Wahispania waliwaita Papago, na ambao mwaka 1986 walilirudisha rasmi jina lao wenyewe. Kabla ya visima vya mashine na magari, maisha yao yalikuwa safari baina ya makao mawili: wakati wa baridi walikaa milimani karibu na chemchemi zisizokauka, na mvua za Julai zikaribiapo walishuka mabondeni, kwenye vinywa vya makorongo, wakapanda mahindi, maboga na aina ya maharagwe madogo yakomaayo upesi yaitwayo tepari, wakitegemea mafuriko ya ghafula yapitayo na kulowesha shamba, maana mto wa kudumu hawakuwa nao. Baina ya makao hayo palikuwa na kambi ya muda katika vilima vyenye misaguaro, na siku za kambi hiyo ndizo walizozihesabu kuwa mwanzo wa mwaka. Wako wanaouanza mwaka kwa mwezi kuandama, na pwani yetu ilikuwa na Nairuzi yake, iliyoongoza hesabu ya mabaharia na wakulima. Wao waliuanza kwa tunda.

Kazi ya kuangua ilikuwa aghalabu ya wanawake. Hutoka alfajiri kabla jua halijawa kali, wakichukua kingoe kirefu ambacho chenyewe kimetengenezwa kwa mwili wa msaguaro. Kwani mti huo ukifa na nyama yake kuoza, hubakia fito za ubao zilizokuwa zikiushikilia kwa ndani, ndefu na nyepesi, nazo huungwa kwa kufungwa, na karibu na ncha hufungiwa kijiti cha kukingama cha kuvutia tunda au kulisukumia. Tunda likianguka hupasuliwa kwa masalia ya ua lake lenyewe, ambayo hukauka juu ya kichwa cha tunda yakawa magumu na yenye makali. Nyama yake nyekundu, iliyojaa mbegu nyeusi ndogo ndogo zipatazo 2,000, hukombwa kwa kidole gumba na kutiwa chomboni. Ganda tupu halitupwi ovyo: huwekwa chini, upande wake wa ndani ulio mwekundu ukitazama mbinguni, kuwa ni ombi la mvua.

Kambini nyama hiyo huchanganywa na maji, huchemshwa, huchujwa, kisha maji yake matamu hurejeshwa motoni kwa muda mrefu mpaka yageuke shira nzito, nyekundu ya kukoza, ambayo zamani ilitiwa katika mitungi ya udongo na midomo yake kuzibwa. Mbegu zilikaushwa na kusagwa unga. Sehemu ya shira ya kila nyumba ilipelekwa kwenye nyumba ya duara ya kijiji, ikatiwa maji na kulindwa na wazee mpaka ichache, huku watu nje wakiimba na kucheza usiku. Na kilipokuwa tayari, kinywaji hicho kilinywewa na watu wote kwa taratibu za heshima na hotuba, kwa itikadi kwamba jinsi mtu alivyojaa kinywaji ndivyo ardhi itakavyojaa maji. Najua kuwa kwa wasomaji wangu wengi kileo ni haramu, nami siitaji ada hii kwa kusifu ulevi. Lakini Ruth Underhill, mwanazuoni wa Kimarekani aliyekaa na watu hao katika miaka ya 1930 na kuandika habari zao kwa taadhima, ametuachia maelezo ambayo mwenye kuyasoma kwa insafu hataona ndani yake karamu, bali dua ya watu ambao chakula chao cha mwaka mzima kilikuwa kikining'inia juu ya wingu ambalo bado halijatokea.

Sasa na tuutazame wakati wenyewe, maana hapo ndipo penye siri ya mti na siri ya ada pamoja. Mimea mingi ya jangwani hungoja mvua, kisha huchipua, huchanua na kuzaa kwa pupa kabla udongo haujakauka tena. Msaguaro haungoji. Huchanua mwanzo wa joto kali, katika Mei na Juni, kwa kutumia maji ulioyanywa miezi mingi nyuma, na kwa maji hayo hayo huyajaza matunda, ili mbegu zitolewazo na ndege na wanyama ziwe zimekwisha tawanyika ardhini mvua ya kwanza ya Julai ishukapo. Mbegu itakayochelewa huwa chakula cha chungu. Basi akiba ya mti huu haikuwekwa kwa ajili ya kuponea peke yake. Imewekwa ili kutolewa siku ambayo hakuna mwingine awezaye kutoa. Watohono O'odham walilijua hilo kwa matumbo yao, wakaifanya siku hiyo kuwa kichwa cha mwaka.

Kabla yao, au kwa kadiri wao wenyewe wasemavyo, katika mababu zao, walikuwapo watu ambao wachimbaji wa magofu huwaita Hohokam, waliochimba mifereji mikubwa ya maji katika mabonde ya mito ya Gila na Salt, na ambao walichora nakshi juu ya kombe za baharini kwa kuziunguza kwa maji makali. Wanazuoni wengi huamini kuwa maji hayo yalikuwa ya tunda la msaguaro lililochachuka. Padri Kino, mmisionari wa Kijesuiti, alifika pande hizo mwaka 1687. Kwa ulimwengu wa vitabu vya elimu ya mimea, hata hivyo, mti huu ulizaliwa mwaka 1848, pale George Engelmann, tabibu wa St. Louis, alipoupa jina la Kilatini kwa habari zilizoletwa na William Emory, afisa wa jeshi la Marekani aliyepita kando ya mto Gila mwaka 1846 katika vita vya kuinyang'anya Mexico nchi hiyo. Mwaka 1908 jina hilo lilibadilishwa, na mti ukaitwa kwa jina la Andrew Carnegie, tajiri wa chuma cha pua, ambaye fedha zake zilikuwa zikigharimia uchunguzi wa jangwa. Fedha hizo zilifanya kazi ya maana, nami sizidharau. Ila naona kuwa kama mti ulistahili kupewa jina la mtu, walikuwapo wanawake wengi wenye vingoe waliotangulia kuustahiki.

Uchunguzi huo ulianza hasa mwaka 1903. Mwaka huo Frederick Coville na Daniel MacDougal, waliotumwa na taasisi ya Carnegie kutafuta mahali pa kujenga maabara ya jangwa, walizunguka nchi kavu za Marekani na kaskazini ya Mexico, wakachagua kilima cha Tumamoc, magharibi ya Tucson, ambako nyumba za mawe zilizojengwa wakati ule zingali zimesimama. Katika safari hiyo, huko Sonora, Mpapago mmoja aliwaonyesha jinsi ya kupata maji katika dungusi nene, fupi, la umbo la pipa: alikikata kichwa chake, akaiponda nyama kwa mti, akaikamua kwa mikono, maji yakakusanyika ndani ya shimo la dungusi lenyewe, akanywa. Coville aliliandika jambo hilo, na tangu hapo limeenea duniani wazo kwamba kila dungusi ni kisima cha msafiri. Wazo hilo ni la hatari. Yule bwana alijua ni aina gani ya kukata, ilhali aina nyingi nyingine zina maji machungu ya kumtapisha mnywaji, na mwenye kutapika jangwani hupoteza maji mengi kuliko aliyoyapata. Na nyama ya msaguaro wenyewe haifai kabisa kukamuliwa kwa kunywa. Maji yake huja kwa mwanadamu kwa njia ya tunda tu.

Miongoni mwa waliofanya kazi kilimani hapo mapema alikuwako Bibi Effie Spalding, ambaye kabla ya ndoa yake alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa na wizara ya kilimo ya Marekani kuchunguza maradhi ya mimea. Yeye alijishughulisha na jambo ambalo kila apitaye hulitazama bila ya kuliona: mikunjo mirefu iliyo kwenye shina la msaguaro, ishukayo toka kileleni hata karibu na ardhi, na mifereji iliyo baina yake. Alipima upana wa mikunjo na mifereji hiyo mara kwa mara, kabla ya mvua na baada yake, na mwaka 1905 akachapisha matokeo. Mti ushibapo, mifereji hujaa na kuwa mipana na shina hunenepa. Kiu kikizidi, mifereji huzama ndani na shina hukonda. Hivyo mwili wote hutanuka na kunywea kama mvukuto wa mhunzi, wala ngozi yake haipasuki wala haikunjamani. Zile fito za ubao zilizo ndani hubeba uzito wa tani hizo za maji, nazo hazikushikamana kiasi cha kuzuia nyama iliyo nje yake isijae au kupungua.

Nyama hiyo imefanyika kwa chembe kubwa zenye kuta nyembamba, na ndani yake mna ute mzito uyashikao maji yasiponyoke kwa wepesi. Nje imevikwa ngozi nene yenye nta. Majani yamegeuka miiba, ambayo huukinga mti na wenye kiu, na pia hutupa juu ya ngozi kivuli chembamba kilicho cha thamani wakati wa adhuhuri. Kwa chini, mizizi yake mingi haizami kiasi cha kupita shibiri moja, lakini huenea pande zote kwa masafa yakaribiayo urefu wa mti wenyewe. Kwa hiyo hata mvua ndogo, isiyolowesha ila uso wa ardhi, huokotwa kabla jua halijairudisha hewani, na mvua kubwa moja huweza kuingiza shinani mamia ya lita. Jambo jingine ambalo MacDougal na Volney Spalding, mume wa Effie, walilipima na kulieleza katika kitabu chao cha mwaka 1910 ni hesabu ya maji yaingiayo na yatokayo: kadiri mwili unavyokuwa mnene na ngozi kuwa chache kwa kulinganisha na ujazo wake, ndivyo kiumbe kinavyoweza kudumu bila kunywa. Madungusi makubwa yaliyong'olewa na kuwekwa pasipo udongo wala maji yalibaki hai miaka kadhaa. Mche wa pingili moja ya kidole hufa kwa ukame wa msimu mmoja.

Lakini ngozi ya nta na nyama yenye ute visingefaa kitu kama mti ungepumua kama miti mingine, kwa kuwa kila kitundu cha majani kifunguliwacho mchana ili kuingiza hewa hutoa mvuke wa maji kwa wakati huo huo. Habari ya ufumbuzi wake ilianza mbali na Tucson. Mwaka 1804 Théodore de Saussure wa Geneva aliandika kwamba mpungate hufyonza hewa ya kaboni usiku, jambo lililokuwa kinyume cha kawaida ya mimea. Na mwaka 1815 ilichapishwa barua ya Benjamin Heyne, tabibu aliyekuwa India, iliyosema kuwa jani la mmea mmoja mnene wa bustani yake lilikuwa chachu mno alfajiri, na adhuhuri likawa halina ladha. Ulimi wa Heyne ulikuwa umegusa jambo kubwa. Dungusi hufunga vitundu vyake mchana na kuvifungua usiku, hewa ikiwa imepoa na upotevu wa maji ukiwa mdogo. Hewa ya kaboni iingiayo gizani hugeuzwa asidi na kuhifadhiwa, na jua lichomozapo, milango ikiwa imefungwa, asidi hiyo huvunjwa na kutengenezwa sukari kwa nguvu ya mwanga. Herbert Richards alikuja Tumamoc kuupima uchachu huo katika madungusi saa kwa saa, na kitabu chake kilitoka mwaka 1915. Wakulima wa Tanga wanao mmea ufanyao vivyo hivyo bila wengi wao kuambiwa: mkonge wenye asili ya Mexico, ambao Richard Hindorf aliuleta kutoka Florida mwaka 1893, na ambao ulistawi penye ukame kwa sababu nao hupumua usiku.

Kila hazina ina hofu yake, na hofu ya mwenye kujaza mwili wake maji ni jalidi. Forrest Shreve, aliyefika maabarani mwaka 1908 na kuufanya uchunguzi wa Sonora kuwa kazi ya maisha yake, alitaka kujua kwa nini misaguaro hukoma ghafula kaskazini na juu ya milima, mahali ambapo mvua ni nyingi zaidi. Mwaka 1911 alionyesha kuwa mti huweza kustahimili usiku wa baridi kali maadamu mchana ufuatao unaleta joto. Baridi ya kugandisha iendeleayo usiku na mchana bila ya kukatizwa ndiyo iuuayo. Elimu hiyo ilikuwapo, na bado haikukumbukwa ilipohitajika. Miti mikubwa ilipoanza kuoza na kuanguka kwa wingi mashariki ya Tucson, katika hifadhi iliyokuwa imetangazwa na Rais Hoover mwaka 1933, wataalamu walidhani ni tauni ya vijidudu, na mwaka 1941 mamia ya misaguaro ilikatwa na kuzikwa ili kuzuia maambukizo. Miongo kadhaa baadaye ndipo ilipobainishwa kwamba asili ya msiba ilikuwa jalidi, hasa ile ya Januari 1937, na kwamba uozo ulikuja nyuma ya kifo. Aidha, kwa miaka mingi matanuri ya chokaa yalikuwa yameteketeza miti walezi ya pale kuwa kuni, na ng'ombe wakikanyaga miche, hata wazee walipokufa hapakuwa na vijana wa kurithi mahali pao. Kuni zilipokoma kukatwa na ng'ombe kuondolewa, miche ilianza kuonekana tena.

Maabara yenyewe haikudumu mikononi mwa walioianzisha. Mwaka 1940 taasisi ya Carnegie iliikabidhi serikali kwa dola moja, na mwaka 1960 ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Arizona. Kilichodumu ni hesabu: kilima kilizungushiwa ua karibu na mwaka 1907 ili mifugo isiingie, misaguaro yake ikaanza kuhesabiwa mwaka uliofuata, na kazi hiyo imekuwa ikirudiwa mpaka katika karne hii, jambo ambalo ni nadra mno katika elimu ya mimea. Hifadhi nayo iliongezwa sehemu ya magharibi mwaka 1961, ikafanywa mbuga ya taifa mwaka 1994, na ndani yake Watohono O'odham wangali wanapiga kambi zao za Juni na kuangua, kama haki yao.

Adui mpya wa mti huu ametoka katika bara letu. Katika karne ya ishirini wafugaji na maofisa wa Marekani walileta nyasi za malisho kutoka Afrika, na mbegu iliyoenezwa zaidi kuliko zote, iliyotolewa kwa wafugaji wa Texas mwaka 1946, ilikuwa na asili ya nchi ya Waturkana, kaskazini ya Kenya. Kwao nyasi hizo ni neema ya mbuzi na ng'ombe. Sonora zimejaza nafasi tupu zilizokuwa baina ya mmea na mmea, zikikauka huwa kuni, na moto, ambao jangwa lile halikuuzoea, hupita toka mti hata mti. Msaguaro uliosheheni maji hupikwa ukiwa umesimama. Watu wa kujitolea huenda Tumamoc na mbugani na masururu kuzing'oa shina kwa shina.

Nalo joto limeanza kuigusa ile siri ya usiku. Mwaka 2023 mji wa Phoenix ulipitisha siku 31 mfululizo ambazo kila moja ilifika nyuzi 43, na usiku wake ulikuwa na joto kali lisilopoa. Katika bustani za mji huo misaguaro mikubwa ilidondosha matawi, mingine ikaporomoka yote, kwa sababu usiku usiopoa huunyima mti saa zake za kupumua na kujirekebisha, hata kama shina lina maji. Mti uliochipua katika mwaka ule hautazamiwi kutoa tawi kabla ya miaka 50, na kwa hiyo hesabu ya Tumamoc itakayoonyesha hasara kamili ya kiangazi kile itafanywa na wahesabu ambao leo hawajazaliwa, kwa vitabu vilivyofunguliwa mwaka 1908.